Kusogeza Matumizi ya Stima Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yangu ni kukagua matumizi ya nishati. Wiki hii niko kiwandani Baba Dogo nikisoma mita, wiki ijayo niko juu ya paa la ploti (jengo la kupangisha) Umoja nikichungulia tangi. Kote huko maswali ni yale yale, nami nimechoka kuyajibu moja moja kwenye WhatsApp.

Huu "mwitikio wa matumizi" ni nini hasa?

Ni mapatano. Gridi ikielemewa, au ikiwa na umeme wa kubaki, mtumiaji anakubali kubadilisha saa za kuutumia, naye kwa kufanya hivyo analipwa au anapunguziwa bei. Umeme wa gridi sharti uzalishwe sekunde ile ile unapotumika. Zamani kazi yote ya kusawazisha iliachiwa upande wa mitambo: watu wakiwasha, mtambo mwingine unawashwa. Hapa upande wa mtumiaji nao unashika ncha ya pili ya kamba.

Kupunguza matumizi moja kwa moja, kama kubadilisha balbu, ni jambo jingine. Mwitikio hauna haja na wingi wa uniti zako za mwezi mzima. Unauliza ulizitumia saa ngapi.

Si ni mgao wa stima huo, umepewa jina zuri tu?

Swali hili huja kabla sijamaliza sentensi ya kwanza, na silaumu mtu. Karibu gridi yote ya nchi ilizimika Agosti 2023, ikazimika tena Desemba mwaka huo huo, halafu Mei na Septemba 2024. Hapo sijataja transfoma za mtaani ambazo hazihitaji gridi kuanguka ili zizime. Mtu aliyemwaga maziwa ya friji mara nne, ukimwambia "jitolee kuzima saa moja jioni," atakuona kama kijana wa pale stendi anayetaka kumshikia mzigo.

Katika mgao anayeamua ni mwingine. Hakuna taarifa, au inakuja imechelewa, na hulipwi chochote. Wanazima laini nzima, yenye zahanati na yenye baa kwa pamoja. Katika mwitikio wewe ndiye unayechagua kitu cha kusimamisha, kwa muda unaoujua, kwa bei mliyokubaliana, na una ruhusa ya kusema leo siwezi. Ikikosekana hiyo ruhusa, basi muulizaji yuko sahihi, ni mgao.

Ukiniuliza kizuizi kikubwa kuliko vyote hapa Nairobi, sitakutajia teknolojia. Watu wengi hawajawahi kuombwa. Wamezoea kukatiwa.

Kenya ina mitambo ya zaidi ya megawati 3,000 na kilele cha mahitaji cha 2025 kilikuwa zaidi ya megawati 2,300. Upungufu unatoka wapi?

Unatoka kwenye saa. Megawati za kwenye karatasi huhesabu mitambo yote kana kwamba inazalisha wakati wote. Jua la Garissa limeshatua saa moja jioni, wakati jiji zima linawasha. Upepo wa Loiyangalani, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, una ratiba yake na haituulizi. Mabwawa ya Seven Forks, kwenye Mto Tana, hutegemea mvua. Umeme wa Ethiopia, megawati 200 tangu Novemba 2022, unakuja kwa laini ndefu hadi Suswa. Ukishapatikana wote huo, bado kuna nyaya na transfoma za kuufikisha magharibi mwa nchi au hata hapa Kasarani, na hizo nazo hulemewa. Pengo la jioni huzibwa kwa mitambo ya mafuta, na gharama ya mafuta unaiona kwenye risiti yako ya tokeni.

Sasa ngoja saa nane usiku. Jiji limelala, mahitaji yameshuka hadi karibu nusu ya kilele, lakini visima vya mvuke vya Olkaria, vinavyotoa karibu asilimia 40 ya umeme wetu, haviwezi kufungwa na kufunguliwa kama mfereji. Mvuke mwingine huachiwa hewani. Ukiwahi kupita Naivasha usiku ukaona wingu jeupe likipanda upande wa mbuga ya Hell's Gate, huenda ulikuwa unatazama umeme ambao haukupata mnunuzi.

Kwa hiyo tuna nchi moja inayochoma mafuta saa mbili usiku na kumwaga mvuke saa sita baadaye.

Jambo hili limewahi kujaribiwa hapa kwetu?

Limejaribiwa, na zaidi ya mara moja, ila tunasahau haraka.

Orodha za bei za stima za 2008 na 2013 zilikuwa na kundi lililoitwa IT: umeme unaoweza kukatizwa, wa saa zisizo na msongamano, kwa ajili ya kuchemsha maji majumbani. Mteja alikubali tangi lake la maji ya moto lisipate umeme saa za jioni, naye akatozwa bei yake mbali. Maji yakishachemka hukaa moto, hivyo aliyeoga saa mbili hakujua kwamba hita ilizimwa saa moja. Huo ulikuwa mwitikio wa matumizi kamili, kabla neno lenyewe halijaanza kuzungumzwa kwenye semina za hotelini. Baadaye kundi hilo likaondolewa. Nyumba mpya zilikuwa zimeshahamia kwenye shawa za papo kwa papo, ambazo hazina tangi la kuhifadhi joto na hutaka kilowati 5 pale pale unapofungua maji. Tuliondoa betri tukaweka kilele.

Kisha, Desemba 2017, ikaja bei ya saa za usiku kwa viwanda na biashara kubwa. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi, Jumamosi kuanzia saa nane mchana, na Jumapili kutwa, bei ya msingi ya nishati ilishuka kwa nusu. Ilisifiwa sana, na mimi mwenyewe niliwapigia simu wateja watatu siku hiyo hiyo.

Tatizo lilikuwa masharti. Punguzo lilihesabiwa baada ya mteja kufikisha kiwango chake, kilichopigwa kwa wastani wa matumizi yake ya zamani. Hebu fikiria kiwanda kinachohamisha mashine moja kutoka jioni hadi usiku bila kuongeza uzalishaji. Gridi imesaidika, mwenye kiwanda hakuona senti, kwa sababu hakuvuka kiwango. Mpango ulijengwa ili mvuke wa usiku upate wanunuzi wapya. Kupunguza kilele cha jioni lilikuwa jambo la pembeni. Sisemi ni kosa, maana mwenye duka lazima auze. Ila ukitaka watu wahamishe, lipia kuhamisha.

Kiwanda changu hufanya kazi mchana tu. Nikileta zamu ya usiku, hesabu inalipa?

Kwa wengi, hapana, na sababu haziko kwenye mita. Zamu ya usiku inataka basi la kuwarudisha wafanyakazi Dandora au Kayole saa ambayo matatu ni chache na njia si salama. Inataka askari wa ziada, msimamizi wa pili, chai ya usiku, na posho. Wafanyakazi wenye watoto wadogo wanaacha kazi. Ukijumlisha hayo, nusu bei ya stima inamezwa kabla ya alfajiri. Wakati wa kafyu ya korona, Machi 2020 hadi Oktoba 2021, hata waliokuwa na zamu hizo walipata taabu ya kuzihudumia.

Usianze na watu, basi. Anza na mashine zisizohitaji mtu. Chumba cha baridi cha maua au nyama kinaweza kushushwa nyuzi mbili zaidi saa tisa mchana, kisha kompresa ikapumzika saa moja na nusu jioni bila bidhaa kudhurika. Kinu cha saruji kule Athi River kinaweza kusaga usiku na kujaza ghala, mradi ghala lina nafasi. Mashine za barafu, pampu za kisima na chaja za foklifti hazina mtoto wa kurudishwa nyumbani.

Kisha angalia kVA, yaani ukubwa wa mzigo unaouvuta kwa wakati mmoja. Mteja mkubwa hulipa pia kwa kilele chake mwenyewe cha mwezi, hata kama kilidumu nusu saa tu. Nilimkuta bwana mmoja anayewasha mota tatu kubwa kwa pamoja saa moja unusu asubuhi kwa kuwa "tangu baba yangu tunafanya hivyo". Tulizipishanisha kwa dakika arubaini. Hakununua kifaa chochote, na bili iliyofuata ilikuja na tofauti iliyomfanya anipigie yeye mwenyewe, jambo ambalo wateja wangu hawana desturi nalo.

Kizuizi cha mwisho kiwandani ni woga wa meneja wa uzalishaji. Mashine ikisimama na oda ikachelewa, atalaumiwa yeye, na akiba ya umeme itasifiwa idara ya fedha. Mpaka wawili hao wakae meza moja, mimi huwa napoteza wakati. Kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 ziliwataka wanaotumia zaidi ya kilowati-saa 180,000 kwa mwaka wakaguliwe kila miaka mitatu. Ripoti nyingi nilizozikuta makabatini zinaeleza haya vizuri kabisa na hazijafunguliwa.

Na mimi wa mita ya tokeni, chumba kimoja mtaa wa Pipeline, nitapata nini?

Kwa sasa, karibu hakuna. Bei ya nyumbani hupangwa kwa wingi (chini ya uniti 30 kwa mwezi, 30 hadi 100, na zaidi ya 100) wala haitazami saa. Uniti ya saa mbili usiku na ya saa nane usiku ni bei moja.

Tuseme bei ya nusu ingekuja kwako kesho. Unatumia uniti 60 kwa mwezi, na kwa bidii unahamisha 10: pasi, mashine ya kufulia kama unayo, kuchemsha maharagwe. Kwa bei ya msingi ya shilingi 16 hivi, umeokoa shilingi 80. Mtu hatapiga pasi saa tano usiku kwa shilingi 80 kwa mwezi, na mimi sitamshauri. Wateja wengi wa majumbani hawafikishi hata uniti 30. Taa mbili, simu, redio, tivi ya habari ya saa moja. Huyo hana cha kuhamisha, na mwenye kumlaumu kwa kilele cha jioni hajawahi kupika ugali huku mtoto anafanya homuwaki kwenye meza hiyo hiyo.

Kwa nini basi kila mara unatuzungumzia pampu?

Kwa sababu maji ndani ya tangi ni umeme uliowekwa akiba, na Nairobi imejaa matangi.

Maji ya kaunti yanakuja kwa zamu, kwa hiyo kila ploti ina tangi la chini, tangi la juu, na pampu katikati. Nyingi zina kisima. Pampu ya kawaida ya kupandisha maji ghorofa ya tano ni kilowati 1.5, wala haisumbui mtu. Ya kisima ni jambo jingine. Ukivuta lita 10,000 kutoka mita 200 chini unatumia uniti 11 hivi, kwa pampu ya kilowati 7.5 au zaidi. Pampu 10,000 za namna hiyo zikinguruma kwa pamoja ni megawati 75, karibu sawa na mtambo wa mafuta wa Thika wenye megawati 87. Na zinanguruma jioni, kwa kuwa ndipo wapangaji wanaporudi, wanafungua mifereji, floti inashuka na pampu inajiwasha. Hakuna aliyechagua saa hiyo. Imechaguliwa na boya la plastiki.

Taima ya shilingi elfu chache na kontakta (swichi ya kuwasha mota kubwa), fundi wa stima anafunga nusu siku. Unaipanga pampu ijaze tangi kati ya saa nane usiku na saa kumi na moja alfajiri, halafu saa nane mchana, na unaiacha floti ifanye kazi ya dharura pekee. Mpangaji hataona tofauti ila kwamba usingizi wa jirani wa chumba cha pampu utapungua kidogo, na hilo mnalitatua kwa raba chini ya mota.

Kinachozuia ni nani analipa. Stima ya pampu iko kwenye mita ya mwenye ploti, naye huigawa kwa wapangaji kama "maji na usafi". Gharama ikipanda anapandisha, ikishuka hasemi. Kwingine mwenye ploti ndiye mteja wa pekee wa Kenya Power, na wapangaji hununua tokeni za mita zake ndogo kwa bei aliyoipanga yeye. Hata serikali ikileta bei nafuu ya usiku, haitapita mlango wake. Mahali nilipoona taima zikikubalika haraka ni zile ploti ambazo wenyeji wana chama chao na mweka hazina anasoma hesabu kwa sauti.

Ni nini huwafanya watu wakubali kwingine?

Pesa hufungua mlango, lakini si yenyewe inayowaweka ndani. Uingereza, majira ya baridi ya 2022/23, kaya na biashara milioni 1.6 zilijiunga na mpango wa kulipwa kwa kupunguza matumizi saa maalumu, na kwa pamoja zikapunguza zaidi ya megawati-saa 3,300. Malipo ya siku za majaribio yalianzia pauni 3 kwa uniti, pesa nyingi kuliko bei ya uniti yenyewe. Wengi walipata pauni chache tu msimu mzima. Nadhani waliendelea kwa sababu simu iliwaambia kesho yake: umefanikiwa.

California, jioni ya 6 Septemba 2022, joto kali, gridi ikiwa ukingoni, ujumbe wa dharura ulitumwa kwenye simu za mamilioni. Matumizi yalishuka kwa takriban megawati 2,000 chini ya saa moja, na waliozima kwa ajili ya ujumbe ule hawakuahidiwa malipo. Huwa nawaza ujumbe kama huo ungepokelewaje Githurai. Nadhani nusu wangefikiri ni matapeli.

Afrika Kusini ilikuwa ikionyesha hali ya gridi kwenye televisheni, na kuwaomba watu wazime hita za maji. Hilo tungeliweza kesho: kabla ya taarifa ya habari, mshale mmoja, kijani au nyekundu.

Wanaotumia sambaza (stima ya kuunganishiwa kiholela) Mathare au Mukuru wanahusikaje?

Hawana mita, wanalipa kiasi fulani kwa mwezi kwa mtu wa nyaya, na wakitumia kidogo au sana bei ni ile ile. Hakuna bei ya saa itakayowafikia mpaka waunganishwe rasmi na kwa usalama. Mpango unaoanza na wao umeanzia mwisho.

Serikali inatuhimiza kupikia stima. Si kilele kitapasuka?

Kinaweza. Sufuria ya presha ya umeme ni kilowati 1. Nyumba 100,000 zikiwasha kwa pamoja saa moja na nusu jioni umeongeza megawati 100. Lakini tazama sufuria yenyewe: githeri inaiva kwa chini ya uniti moja, na baadaye inakaa moto imefungwa. Unaweza kuichemsha saa nane mchana, au usiku baada ya habari, ukala kesho. Chapati haikubali mchezo huo. Pika na Power, kampeni ya Kenya Power ya kupikia stima, ingefanya vizuri kufundisha saa pamoja na mapishi.

Bodaboda na mabasi ya umeme ni habari njema zaidi. Mwaka 2023 ilikuja bei maalumu ya kuchaji magari, shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida na shilingi 8 saa za usiku, kwa matumizi ya hadi uniti 15,000 kwa mwezi. Basi likilala karakana linachaji kwa mvuke wa Olkaria. Ni bei ya kwanza ninayoiona hapa nchini ambayo dereva anaielewa bila kuitiwa mtaalamu.

Watajuaje kwamba nimepunguza kweli?

Hapa ndipo mipango mingi duniani hukwama. Lazima kukadiriwe ungetumia kiasi gani kama usingeombwa, na makadirio hayo yanaweza kuchezewa. Marekani, uwanja mmoja wa besiboli mjini Baltimore uliwasha taa mchana kweupe ili matumizi yake ya kawaida yaonekane makubwa, halafu ukizizima uonekane umepunguza. Mamlaka ikagundua, faini ikatozwa. Usidhani sisi tutachelewa kubuni yetu. Ndiyo maana napendelea bei inayobadilika kwa saa kuliko malipo ya kupunguza: bei haihitaji kubahatisha ambacho hakikutokea.

Kwa vyovyote, inatakiwa mita inayosoma kila nusu saa. Wateja wakubwa wanazo. Wao ni elfu chache kati ya wateja milioni 10 hivi, na wanatumia karibu nusu ya umeme wote. Ningeanza nao, na pampu, kisha ningepumua.

Hiyo mita janja haitajua nikiwa sipo nyumbani?

Itajua. Matumizi yakilala siku tatu, yeyote anayeisoma ataelewa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza nani anaona na kwa nini. Uliza kabla haijafungwa ukutani.

Nina sola na betri. Inanihusu?

Inakuhusu kuliko jirani yako. Weka inveta itumie betri kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku hata kama stima ipo. Watu wengi huiacha betri imejaa ikingojea giza lisilokuja, huku wakinunua tokeni saa ghali kwa gridi.

Stima ikirudi baada ya kupotea, nifanye nini?

Usiwashe kila kitu. Laini ikikaa saa nyingi bila umeme, friji zote zimepata joto, hita zote zimepoa, pampu zote floti ziko chini. Umeme ukirudi vyote vinaamka kwa pamoja, mzigo unazidi wa kawaida, na transfoma ya mtaa inalipuka dakika kumi baada ya watu kushangilia. Zima soketi za friji, hita na pasi mara stima inapopotea. Acha taa moja ikiwa wazi ili ujue imerudi. Ikiwaka, hesabu dakika kumi na tano, washa friji. Dakika nyingine kumi, pampu. Pasi ingoje asubuhi.